Ile jiwe nyeusi ya Korea na maswali mlituletea

Mwisho wa Julai 2023 nilifika kazini asubuhi nikapata askari wa geti ananingoja na simu mkononi. Akaniuliza, "Mwalimu, ni ukweli stima inaenda kuwa bure?" Kwa simu kulikuwa na ile video mliiona karibu nyote, kijiwe cheusi kutoka Korea kilichosemekana kupitisha stima bila kupoteza chochote, kiko juu ya sumaku, upande mmoja umeinuka hewani, ule mwingine bado umegusa chini, na kikisukumwa kidogo kinatikisika kama kinataka kupaa. Nafundisha fizikia hapa chuoni na kazi yangu nyingine ni kueleza wananchi mambo ya sayansi. Nakumbuka hiyo wiki vizuri juu kila nilipoenda nilipata swali, kwa matatu, kwa kinyozi, kanisani baada ya ibada, na hadi leo hiyo video ikirudi maswali hurudi nayo, kwa hivyo acha niyajibu hapa kwa urefu kidogo.

Anza na waya. Stima ikipita kwa waya ni kama wewe ukipita soko la Gikomba Jumamosi na gunia mgongoni, unagonga huyu, unasukumwa na yule, unafika ng'ambo umeloa jasho na nguvu zimeisha. Huko kugongana ndio tunaita ukinzani, na jasho lake ni joto. Saa zingine tunalitaka, pasi na ile koili ya kupikia ya hosteli zinafanya kazi kwa sababu ya ukinzani tu. Lakini kwa waya za kubeba stima kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, hilo joto ni pesa inapotea hewani. Sasa kuna vitu ukivipoza sana ukinzani wake unaisha kabisa, sio kupungua, kuisha. Ni kama umati wote wa Gikomba umeshikana wawili wawili ukaanza kutembea kwa hatua moja, hakuna wa kugonga mwenzake. Hivyo vitu vinaitwa sapakondakta, na ndiyo, kondakta mmoja wa gari za Rongai aliniuliza hilo jina linatoka wapi, nikamwambia kondakta ni kile kinachopitisha, sasa huyu anapitisha kupita wote.

Hii si habari mpya. Heike Kamerlingh Onnes aliiona Leiden, Uholanzi, mwaka 1911 kwa zebaki iliyopozwa hadi kama digrii 269 chini ya sifuri. Hapo ndipo shida ilipo, baridi. Mwaka 1986 Bednorz na Müller wakiwa Uswisi wakapata seramiki inayofanya hivyo kwa baridi afadhali kidogo, wakapewa Nobel mwaka uliofuata, na 1987 ikapatikana nyingine inayotosheka na nitrojeni iliyogeuzwa maji, digrii 196 chini ya sifuri. Ukiwahi kuingizwa kwa ile mashine ya MRI, ya kupiga picha ndani ya mwili, yenye kelele, ujue huenda ulilala ndani ya sumaku ya waya za sapakondakta, na kwa nyingi baridi yake inatoka kwa heliamu, gesi ya bei ghali sana.

Kwa hivyo watafiti wa Seoul, Korea Kusini, waliposema tarehe 22 Julai 2023 kwamba wamepata kitu kinachofanya hivyo bila friji yoyote, kwa meza tu, hadi digrii 127 za joto, mjue hata sisi mioyo ilidunda. Walikiita LK-99, L ni Lee, K ni Kim, majina ya wawili wao, na 99 ni mwaka 1999 walipoanza kukifuatilia. Kimetengenezwa na risasi, yaani ile metali nzito ya betri za gari, pamoja na fosforasi, oksijeni na shaba kidogo, vinasagwa na kuchomwa kwa tanuru hadi digrii 925. Hakuna mtambo wa ajabu unahitajika. Ndio maana maabara za China, India, Marekani na kwingine ziliwasha tanuru siku hizo hizo, na watu wakawa wanafuatilia kama mechi.

Ilichukua wiki chache tu. Ikaonekana wakati wa kupika inabaki takataka ndani, mchanganyiko wa shaba na salfa, na huo ukipoa hadi karibu digrii 104 unabadilika muundo na ukinzani wake unashuka ghafla, mtu akipima haraka anadhani ameona sapakondakta. Kisha watafiti wa taasisi ya Max Planck kule Stuttgart wakatengeneza kristali safi bila hiyo takataka. Ilitoka ya zambarau, unaona ndani yake, na haipitishi stima karibu kabisa. Hapo mambo yakaisha.

Na kile kijiwe kusimama nusu je? Hili ndilo swali naulizwa zaidi na nalipenda. Kuna sumaku hafifu ndani ya vitu vingi, na kipande chenye umbo fulani kinaweza kuinuka upande mmoja bila kuwa sapakondakta hata kidogo. Hata kuelea kabisa hakutoshi. Grafaiti, ndugu ya ile nyeusi ya penseli, ukiikata nyembamba sana inaelea yote juu ya sumaku kali hapa kwa meza yangu, Nairobi, na haina maajabu hayo. Kwa hivyo siku ingine mkiona kitu kinaelea, ulizeni kama ukinzani umepimwa ukapatikana sifuri, kama kinafukuza nguvu ya sumaku kutoka ndani yake kikishapozwa, na kama watu wengine wasiojuana na mwenyewe wamekitengeneza wakaona hivyo hivyo.

Baada ya hapo furaha ikageuka hasira. Wengi mliniambia wanasayansi wametudanganya. Hapo sikubaliani na nyinyi na nasema kwa moyo wote. Hawa walitoa mapishi yao wazi kila mtu ajaribu, wakakosea, wakasahihishwa na dunia nzima mbele ya kila mtu. Msichanganye na ile karatasi ingine ya Machi 2023 ya kina Ranga Dias kule Rochester, Marekani, iliyodai pia sapakondakta bila baridi, ikatoka kwa jarida la sayansi la Nature, na Novemba mwaka huo huo ikaondolewa baada ya waandishi wenzake wengi kusema haikueleza kwa ukweli kazi iliyofanywa. Hizo ni kesi mbili tofauti.

Na stima kuwa bure, hapana, hata kama kijiwe kingekuwa cha kweli. Kenya zaidi ya sehemu moja kwa tano ya stima inapotea kabla ya kufika kwa mita ya mtu anayelipa, na ni kweli joto la waya na transfoma limo, lakini imo pia sambaza, yaani stima ya kuunganishwa kimagendo, na sambaza haiponywi na fizikia. Tokeni yako pia inalipia visima vya mvuke vya Olkaria, mabwawa, mikopo na kodi. Tarehe 25 Agosti mwaka huo huo giza liliingia karibu nchi nzima, na watu wakaniuliza tena kuhusu kile kijiwe. Nilielewa mbona.

Lakini kitu kilichonikosesha usingizi ni kingine. Kijana mmoja fundi wa jua kali kutoka Kamukunji alikuja hapa na risasi aliyotoa kwa betri kuukuu, kwa mfuko wa plastiki, mikono mitupu, amesikia ni digrii 925 na yeye ana moto wa kutosha. Alikuwa amesoma kila kitu. Akili yake ilikuwa sawa kabisa, ila hakuna aliyemwambia risasi ni sumu, moshi wake na vumbi lake vinaingia kwa damu na kukaa kwa mifupa, na mtoto mdogo anaumia akili milele kwa kiasi kidogo sana. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa wanajua, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Tafadhali, kwa huruma, usiyeyushe betri nyumbani, usifagie hilo vumbi kavu, na kama ndio kazi yako, vua nguo za kazi na uoge kabla hujabeba mtoto.

Yule kijana nilimwambia aoshe mikono kwanza, tukaifunga risasi yake vizuri tukaiweka kwa kabati la kemikali. Kisha nikampa sumaku nne na kile kipande cha grafaiti. Aliziweka mbaya, akazigeuza, akaweka tena, kipande kikainuka kikakaa hewani bila kugusa popote. Akapitisha karatasi chini yake kuhakikisha. Nilipotoka saa kumi na moja bado alikuwa pale anakisukuma kwa ncha ya kalamu.