Kugawa Akiba Kati ya Mume na Mke Hakupunguzi Kodi ya Riba

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii muulizaji alikuwa amekwisha kuvunja amana yake kabla ya kuniuliza: je, mtu akiigawa akiba katika akaunti mbili, moja ya mume na nyingine ya mke, kodi ya riba si itapungua? Haitapungua. Kwa wakazi wa Uganda wanaoweka fedha benki haitapungua hata shilingi moja, na naeleza sababu kwa urefu ili swali hili lipumzike japo kwa msimu mmoja.

Imani hii naijua inakotoka. Ndugu zetu walioko Uingereza huturushia video za ushauri wa fedha, na ushauri huo kwao ni sahihi kabisa. Kule, mlipakodi wa kiwango cha msingi anaruhusiwa kupata riba ya pauni 1,000 kwa mwaka bila kutozwa, wa kiwango kinachofuata pauni 500, na aliye katika kiwango cha juu kabisa hapewi kitu; kwa hiyo mume mwenye mshahara mnono akihamishia akiba kwa mke mwenye kipato kidogo, nyumba yao inabaki na fedha zaidi. Msamaha ule amepewa mtu, na mume na mke ni watu wawili. Kwetu hakuna msamaha wa aina hiyo katika riba ya benki, basi hata wakiwa wawili hawana cha kugawana.

Benki ya hapa inapomlipa mtu riba, hukata kwanza kodi ya zuio ya asilimia 15, kuanzia shilingi ya kwanza, bila kutazama mshahara wa mwenye akaunti wala cheti chake cha ndoa. Tuseme Hajji na Hajjati wana shilingi milioni 50 katika amana ya muda maalumu yenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Riba ni milioni 5, kodi ni 750,000. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja atapata riba ya milioni 2.5 na kukatwa 375,000, na jumla inarudi palepale pa 750,000. Tena huenda wakapata hasara, kwa sababu riba ya amana kubwa hujadiliwa na meneja, na mwenye milioni 50 husikilizwa kuliko mwenye milioni 25.

Hapo ndipo ninapojibiwa, kwa sauti ya mtu aliyeninasa: "Lakini mke wangu hana kipato chochote, na sheria inasema asiyefikisha shilingi 2,820,000 kwa mwaka halipi kodi." Kizingiti hicho kipo, nami sikikatai. Tatizo ni kwamba riba inayolipwa na taasisi ya fedha kwa mtu binafsi mkazi haifiki kwenye mizani ya kizingiti. Kodi iliyozuiwa na benki ni ya mwisho: riba ile haiingizwi katika ritani (tamko la mapato ya mwaka linalopelekwa Mamlaka ya Mapato), haijumlishwi na mapato mengine, haipunguzwi kwa gharama yoyote, na kodi yake hairejeshwi. Mama wa nyumbani aliyepata riba ya shilingi milioni 1 katika mwaka mzima, bila senti nyingine, atakatwa 150,000 sawa na mkurugenzi wa kampuni aliyepata riba kama hiyo. Mkurugenzi ndiye anayenufaika hapa, kwa kuwa mapato yake mengine yanatozwa asilimia 30 au zaidi ilhali riba yake imekomea kwenye 15. Ni haki? Kwa maoni yangu si haki, na mzigo wake unamwangukia mnyonge. Lakini kulalamika hakumpi mtu sababu ya kujaza ritani ya kudai marejesho yasiyokuwapo.

Kugawa kuna maana pale tu ambapo mapato yanapimwa kwanza kwa kizingiti. Mfano wa wazi ni kodi ya pango, ambapo mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Nyumba inayomilikiwa na wawili kwa kweli ina vizingiti viwili, na kizingiti cha pili kinaokoa hadi 338,400. Vivyo hivyo riba ya mkopo uliompa jirani yako: jirani hazuii kodi, kwa hiyo riba hiyo inaingia katika ritani na kutozwa kwa viwango vya kawaida.

Lakini hapo nako sheria imetega. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtoza kila mtu peke yake, kisha inampa Kamishna wa Mamlaka ya Mapato uwezo wa kurekebisha mapato ya watu wa karibu, mke na mume wakiwamo, ikiwa mmoja amemhamishia mwenzake mapato au mali na mojawapo ya sababu ni kupunguza kodi yao kwa jumla. Neno "mojawapo" ni zito. Haisaidii kusema kwamba sababu kuu ilikuwa mapenzi. Kodi ikiwa sababu ya tatu bado umenaswa. Kamishna ataangalia pia mke alilipa nini kwa kile alichopewa. Vitabu vinaieleza kanuni hii kana kwamba inajitekeleza yenyewe, nami nina shaka. Katika nyumba ambamo mume alinunua kiwanja, mke akalipa mafundi, na karo ikatoka kwa yeyote aliyekuwa nacho, nani atapima thamani ya mchango wa kila mmoja? Ninachowaambia wateja ni kuweka stakabadhi za mchango wa kila upande na kuandika majina yote mawili katika hati tangu siku ya ununuzi, badala ya kukimbilia hati baada ya barua ya Mamlaka ya Mapato.

Zipo sababu njema za kuwa na akaunti mbili. Mfuko wa Ulinzi wa Amana hulinda hadi shilingi milioni 10 kwa kila mteja katika kila benki, hiyo ni moja. Si kodi.

Kinachobadilisha kodi ya riba ni mahali unapoweka fedha: benki, au hati za kuikopesha serikali. Dhamana za serikali za muda mfupi hukatwa asilimia 20, zaidi ya amana ya benki. Hatifungani za serikali, yaani hati za mkopo wa muda mrefu, zikiwa za miaka 10 na kuendelea hukatwa 10 tu. Tafadhali usichague kwa kutazama kodi peke yake. Dhamana inayolipa asilimia 15 huacha 12 baada ya makato, na amana inayolipa 10 huacha 8.5, ingawa kodi ya dhamana ndiyo kubwa.

Kuhusu hatifungani ndefu, mimi mwenyewe husita kila ninapoulizwa. Kodi nusu ni faida ya kweli, lakini anayehitaji fedha kabla ya muda ataiuza sokoni, na viwango vya riba vikiwa vimepanda ataiuza kwa bei ya chini, hasara inayoweza kumeza kodi aliyookoa kwa miaka kadhaa. Kwa wanandoa wenye watoto wanaokaribia chuo kikuu huwa napendekeza sehemu tu ya akiba iende huko. Kima cha chini ni shilingi 100,000, akaunti ya kuhifadhi hatifungani katika Benki Kuu hufunguliwa kupitia benki ya biashara, kuponi (riba ya hatifungani) hulipwa kila miezi sita, na jina likiwa la mume, la mke au la wote wawili, makato ni yaleyale.