Ultrasaundi na ganzi ya miguu kwa wenye kisukari

Wengi huamini kuwa ultrasaundi ni kipimo cha wajawazito na matatizo ya tumbo tu, na kwamba haionyeshi mishipa ya fahamu, yaani neva. Si ajabu, maana wengi wetu tumeijulia kliniki ya wajawazito. Lakini mashine yenye mawimbi ya masafa ya juu huonyesha neva zilizo karibu na ngozi, kama ile inayopita nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Kisukari kikishaiathiri, mara nyingi huonekana imenenepa.

Nyuzi nyembamba kabisa za neva, ambazo mara nyingi ndizo hutangulia kuharibika, hazionekani. Kwa hiyo picha nzuri peke yake haitoshi. Uzi wa plastiki unaobonyezwa kwenye wayo kwa nguvu ya gramu 10, kuona kama unahisi, bado ndio kipimo cha kawaida, tena rahisi.

Nyumbani, fumba macho, mtu akuguse taratibu kwa ncha ya kidole, bila kubonyeza: kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Usipohisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, nenda kituo cha afya, hata kama huna maumivu yoyote.