Misheni ya tiba nje ya nchi: yanayosemwa kuhusu maandalizi na michango, na hali ilivyo

Muuguzi au daktari wa usharika anapotangaza kwamba ameitwa kuhudumu katika hospitali ya misheni nje ya nchi, swali analoulizwa kwanza mlangoni pa kanisa huwa ni lile lile: "Huko watakulipa kiasi gani?" Swali hilo limebeba dhana potofu kongwe kuliko zote katika jambo hili, kwamba lipo shirika tajiri mahali fulani linaloajiri wamisionari na kuwalipa mshahara kila mwisho wa mwezi. Ukweli ni kwamba mashirika mengi ya misheni ya Kiprotestanti hayana mfuko wa namna hiyo. Humpokea mhudumu, humsimamia na kupitisha fedha zake katika hesabu zinazokaguliwa, lakini fedha zenyewe hutoka kwa washarika, ndugu na marafiki waliojifunga kumchangia. Mercy Ships, shirika lililoanzishwa mwaka 1978 ambalo meli zake za hospitali hutia nanga katika bandari za Afrika kwa miezi mingi na kufanya upasuaji bila kumtoza mgonjwa, linategemea watu wa kujitolea ambao kwa kawaida hulipia wenyewe malazi na chakula chao melini, awe daktari bingwa au mpishi.

Hali hii si ya jana. Albert Schweitzer alipoanza kusomea udaktari huko Strasbourg mwaka 1905 alikuwa na umri wa miaka 30 na tayari alikuwa mhubiri na mwalimu wa theolojia. Jumuiya ya Misheni ya Paris, ambayo kituo chake kilikuwa Lambaréné nchini Gabon, iliyatilia shaka mafundisho yake, ikakubali aende kwa sharti kwamba atatibu tu na hatahubiri, naye akajitwika gharama zote. Alikwenda kwa marafiki na kwa walimu wenzake wa chuo kikuu, akapiga kinanda katika matamasha, akaongeza mapato ya kitabu chake kuhusu Bach, mtunzi wa muziki. Mkewe, Helene, alisomea uuguzi ili wafanye kazi pamoja, na mwaka 1913 walisafiri na masanduku yapatayo 70 ya dawa na vifaa. Miaka minane, basi, ilipita kati ya kuamua na kufika. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokatiza kazi hiyo, alirudi Ulaya akiwa na madeni ya hospitali, na ni mihadhara na matamasha aliyofanya Sweden mwaka 1920 yaliyomwezesha kuanza kuyalipa. Lambaréné hakurudi hadi mwaka 1924. Mtazamo wake juu ya Waafrika, aliowaona kama wadogo zake, umekosolewa sana, na kwa haki. Lakini katika suala la fedha historia yake inaonyesha bayana kwamba michango haiishi siku ya kuagana. Madeni hufuata kazi, na kazi hungoja fedha.

Wapo waumini wanaosema kwamba mtu wa imani haombi, na kwamba kuzunguka na fomu za ahadi ni kuombaomba kwa jina la Mungu. Mara nyingi humtaja Hudson Taylor, mwanzilishi wa China Inland Mission mwaka 1865, ambaye kweli alikataza wamisionari wake kuomba fedha na hakutaka sadaka ikusanywe katika mikutano yake. Kinachosahaulika ni kwamba Taylor alisafiri akihutubia makusanyiko na kuchapisha habari za China kwa bidii, hivi kwamba hapakuwa na mtoaji asiyejua kazi ilikuwa wapi na nani aliifanya. Mtume Paulo naye hakuona aibu: katika Warumi 15:24 anawaambia Warumi wazi kwamba anatarajia wamsaidie katika safari yake ya kwenda Hispania, na katika Wafilipi 4 anaandika kama mtu anayetoa risiti, akieleza alichopokea na kwa mkono wa nani. Kwa maoni yangu, linaloleta aibu ni kuomba bila hesabu, yaani kuwaambia watu wazima waliochoka na michango ya harusi na misiba "mnisaidie kwa chochote" bila kuwaonyesha kiasi kinachohitajika, matumizi yake, na atakayeshika vitabu.

Hapo ndipo inapoingia dhana ya harambee. Kamati huundwa, mgeni rasmi hualikwa, kadi husambazwa, na jioni moja hupatikana fedha nyingi kuliko alizotarajia mhusika mwenyewe. Kanisa hushangilia na kuhesabu kwamba limemaliza. Harambee hulipia mambo ya mara moja tu: nauli, vibali, godoro na vyombo vya nyumba. Haiwezi kulipa kodi ya nyumba ya mwezi wa 14. Bajeti ya familia inayokwenda kuhudumu miaka mitatu huwa na vifungu ambavyo mgeni rasmi hakuvifikiria: bima ya afya inayogharimia pia kusafirishwa mgonjwa kwa ndege, ada za shule za watoto, michango ya pensheni ili mhudumu asirudi mzee asiye na kitu, matunzo ya wazazi waliobaki kijijini, nauli ya dharura ya msiba, na akiba ya miezi michache ya kuanzia maisha upya atakaporejea. Vifungu hivyo hubebwa zaidi na watu 40 au 50 wanaotuma kiasi kidogo kwa simu kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, kuliko tajiri mmoja anayetoa mara moja na kupigiwa makofi. Ndiyo maana mashirika mengi hayamruhusu mhudumu kuondoka mpaka ahadi za kila mwezi zitimie zote au zikaribie kutimia, na mwenye uzoefu huongeza kidogo juu ya kiwango kwa sababu anajua kwamba ahadi ni deni lakini si kila mdaiwa hulipa.

Bajeti yenyewe haiwezi kuandikwa kabla ya barua ya mwaliko. Wengi huchagua nchi, huchangisha, kisha hutafuta hospitali ya kuwapokea, kana kwamba hospitali za huko hazina mwenyewe. Haydom, hospitali ya Tanzania iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei mwaka 1955, leo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Mbulu. Anayetaka kwenda huko hana budi kuuliza inahitaji nani. Pengine inahitaji mtaalamu wa usingizi au fundi wa vifaa tiba, wakati aliyejitokeza ni daktari wa ngozi.

Usajili wa nyumbani nao hauvuki mpaka. Mgeni anayekuja kutibu Tanzania hutakiwa kusajiliwa na baraza la taaluma yake, kupata kibali cha kazi, na kibali cha ukaazi cha daraja C ambalo limewekewa wamisionari na wanaojitolea. Mtanzania anayekwenda nje atarajie kukutana na mambo ya namna hiyo, pamoja na barua ya baraza la kwao inayothibitisha kwamba hana shauri la kinidhamu. Hata chanjo ina kalenda yake, kwa kuwa cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Daktari wetu anayekwenda Goma au Bukavu, mashariki mwa Kongo, ataongea na wagonjwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, neema ambayo Wazungu huifuata hadi shule ya lugha ya Makoko, Musoma, lakini faili la mgonjwa litaandikwa kwa Kifaransa. Miezi ya kujifunza Kifaransa ni sehemu ya maandalizi na iingizwe katika bajeti.

Dhana nyingine inawahusu watoaji zaidi, kwamba dawa yoyote ni bora kuliko kukosa dawa. Wakati wa vita vya Bosnia na Herzegovina, kati ya mwaka 1992 na 1996, zilirundikana tani zipatazo 17,000 za dawa za msaada zisizofaa, na kuziteketeza likawa tatizo jipya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1996: dawa itolewe kwa kulingana na mahitaji yaliyoelezwa na mpokeaji, iwe imebakiza angalau mwaka mmoja wa matumizi inapofika, na maandishi yake yaeleweke na wahudumu wa huko. Mashine nazo ni hivyo hivyo. Kifaa cha Marekani kilichotengenezwa kwa umeme wa volti 120 kitaungua katika plagi ya volti 230, na kikipona kitasimama siku kipuri cha kwanza kitakapohitajika. Mara nyingi fedha za kununulia vifaa katika nchi inayohudumiwa hufaa kuliko kontena.

Mwisho ni barua kwa watoaji, ambako huaminika kwamba picha ya mtoto mwenye kidonda ndiyo inayofungua mifuko. Pengine inafungua. Hata hivyo siri ya mgonjwa haibaki uwanja wa ndege, na mama aliyekubali kupigwa picha akiwa kitandani, mbele ya daktari anayeshikilia uhai wa mwanawe, hakuwa na nafasi halisi ya kukataa. Barua ya kila robo mwaka inaweza kueleza upasuaji uliofanyika, mashine iliyokwama forodhani na pengo la fedha la mwezi uliopita, pasipo uso wala jina la mgonjwa hata mmoja.