Nyota nne hazilipi ovataimu

Wiki hii nimekutana nayo tena, safari hii kwenye kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja. Mmoja kaweka picha ya maoni ya wafanyakazi wa studio moja ya gemu huko ng'ambo. Nyota karibu nne kati ya tano, "naipenda kazi hii" kila mstari wa pili, na chini yake malalamiko ya mshahara na saa za kazi. Mwenye picha akaongeza yake: "Wanalipwa kucheza gemu halafu wananung'unika. Waje Dodoma tuwaonyeshe kazi." Vicheko vikafuata. Mwingine akanitaja: wewe si ndiye unayefanya madodoso ya wafanyakazi, hebu tueleze.

Haya.

Hilo la kucheza tulimalize haraka. Testa wa gemu, yaani mtu wa kusaka kasoro kabla gemu haijatoka, anafungua mlango uleule wa jumba lilelile kwa kutembea, kwa kukimbia, akiwa na upanga, akiwa mikono mitupu, gemu ikiwa kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani, kisha kwenye simu ya bei rahisi inayojaa haraka. Mlango ukigoma, anaandika hatua zote za kuugomesha tena ili programa auone mwenyewe. Kesho linakuja toleo jipya, anaanza upya na mlango wake. Kama huko ni kucheza, basi mhasibu wa halmashauri naye analipwa kwa kuchezea namba.

Linaloniudhi mimi ni hoja ya pili, na hii naisikia hata kwa maafisa utumishi wenye shahada ya uzamili: wengi wamesema wanaipenda kazi, kwa hiyo hali ni nzuri, na wanaolalamika ni wachache wenye visirani.

Nafanya kazi hii na kampuni ndogo za teknolojia hapa mjini, nyingi za mifumo na programu za simu, mara moja moja vikundi vya gemu vya vijana waliotoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Swali la "unaipenda kazi yako?" nimeliondoa kabisa kwenye madodoso ya watu wa gemu, kwa sababu jibu lake unalijua kabla hujauliza. Hakuna anayejikuta kwenye gemu kwa bahati mbaya. Mtu amejifunza kuchora usiku kwa bando la kuungaunga, ameambiwa na wajomba wote aombe ajira ya serikali, mji wa serikali wa Mtumba uko pale karibu, naye amekataa. Huyo amejichuja mwenyewe. Ukimuuliza kama anaipenda kazi atakwambia ndiyo, na ndiyo hiyo haikwambii lolote kuhusu mkataba wake, slipu yake ya mshahara au saa anayofika nyumbani. Kazi ni jambo moja na ajira ni jambo jingine, na mtu mmoja anaweza kuiabudu ya kwanza huku ya pili inamtoa machozi.

Mnaikumbuka kesi ya Abunuwasi? Maskini amekula wali wake mkavu karibu na jiko la tajiri, tajiri akadai alipwe kwa harufu ya nyama yake, Abunuwasi akamlipa kwa mlio wa sarafu. Studio nyingi zimeigeuza hukumu ile juu chini. Zinachukua nyama yenyewe, kisha zinamlipa mpishi kwa mlio: jina lako litapita kwenye orodha mwishoni mwa gemu. Na hata mlio huo una masharti. Ni malalamiko ya miaka mingi katika tasnia hii kwamba ukiondoka kabla gemu haijatoka, jina lako laweza kuachwa, hata kama nusu ya milima iliyomo umeichora wewe.

Sasa nyota. Wastani wa nyota 3.8 unaweza kutoka kwa watu ambao karibu wote wametoa nne. Unaweza pia kutoka kwa kundi lililotoa tano na kundi jingine lililotoa moja na mbili. Hizo ni studio mbili tofauti kabisa, na wastani hautakwambia uko kwenye ipi. Mimi naanza na tarehe na idara. Tano zikirundikana ndani ya wiki moja, najua kuna bosi aliyewaomba watu "waisaidie kampuni". Moja zikija miezi miwili mitatu baada ya gemu kutoka, najua walimaliza kazi wakapunguzwa. Nikiona wachoraji na waandika programu wanatoa nne huku matesta na watu wa huduma kwa wateja wanatoa mbili, hapo ndipo stori ilipo. Mwaka 2020 wafanyakazi wa Activision Blizzard, kampuni kubwa ya gemu ya Marekani, walianza kuandika mishahara yao kwenye jedwali moja ili waione wote, na manung'uniko makubwa yalikuwa hapohapo, kwenye ngazi za chini na nyongeza ndogo mno. Miaka miwili baadaye matesta wa Raven Software, studio iliyo chini ya kampuni hiyohiyo, walipiga kura ya kuwa na chama cha wafanyakazi: 19 ndiyo, 3 hapana. Matesta, tena! Wale wanaodaiwa kulipwa kwa kucheza.

Tuje kwenye mshahara, na hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo watu wanapopigwa mchana kweupe.

Tuseme kijana analipwa 1,200,000 kwa mwezi. Kwa Dodoma si pesa ya kudharau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku, wala siku zisizidi sita. Kupata malipo ya saa, wiki moja unaizidisha kwa 4.333, unapata saa 195 kwa mwezi. Gawanya: takribani 6,150 kwa saa. Sasa inakuja kranchi, zile wiki za mwisho kabla gemu haijatoka, kijana anafanya saa 70 kwa wiki. Mwezi umekuwa na saa 303. Mshahara ni uleule, kwa hiyo saa yake imeshuka hadi kama 3,950. Hakuna barua ya kupunguziwa mshahara iliyoandikwa, lakini umepungua kwa zaidi ya theluthi. Kwenye dodoso ataandika "mshahara mdogo", bosi atasoma "anataka nyongeza", na watazungumza mwaka mzima bila kuelewana, kwa sababu kijana analia na saa.

Sheria inasemaje kuhusu saa hizo 25 za ziada? Kwanza ziwe kwa makubaliano. Pili zisizidi 50 katika kila wiki nne. Kijana wetu ana 100. Tatu, kila moja ilipwe angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kwa zile 50 halali hiyo ni takribani 461,500 juu ya mshahara wake. Zile 50 nyingine hazikupaswa kuwepo hata kama bosi ana pesa za kuzilipa. Ikiwa kazi ni kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kuna asilimia 5 zaidi kwa kila saa.

Umeona nilivyosema "mshahara wa msingi"? Rudi usome tena, maana tundu la panya liko hapo. Posho haihesabiwi. Mwajiri mjanja anaandika msingi 600,000, posho ya nyumba, usafiri na mawasiliano 600,000. Jumla ni ileile, kijana anafurahi, anasaini. Ovataimu yake sasa ni nusu. Kiinua mgongo, ambacho ni angalau siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, hadi miaka kumi, nacho ni nusu. Nawaambia wadogo zangu kila siku: kabla ya kushangilia jumla, tazama mstari wa kwanza wa slipu. Hawatazami.

Ujanja wa pili ni vyeo. Masharti ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayewajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Basi utakuta studio ya watu tisa ina "viongozi" saba. Kiongozi wa Sauti, anayemwongoza nani? Spika mbili za mezani. Cheo hakihamishi sheria. Kinachotazamwa ni kama kweli unasimamia watu na unaripoti kwa nani. Na msidhani ni ujanja wa kienyeji. Mwaka 2004 mchumba wa mhandisi mmoja wa Electronic Arts, Marekani, aliandika waraka wa wazi kuhusu saa walizokuwa wanafanyishwa, na kesi zilizoendeshwa miaka ileile zilibishania jambo hilihili: nani anastahili ovataimu na nani amepewa sura ya mtaalamu asiyestahili. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 15.6 kwa wachoraji, kisha milioni 14.9 kwa waandika programu. Sehemu ya wachoraji wa ngazi za chini wakahamishiwa kwenye malipo ya saa.

Kwa hiyo lipa ovataimu, yaishe? Laiti. CD Projekt Red ya Poland iliwaahidi watu wake kuwa haitawalazimisha kranchi, halafu Septemba 2020 ikawatangazia wiki ya siku sita hadi gemu itoke. Sheria ya Poland inataka saa hizo zilipwe, na zililipwa. Watu walilalamika vilevile, na walikuwa na haki, maana mtu aliyelipwa Jumamosi yake hakurudishiwa Jumamosi. Kilichowakera zaidi ni ahadi kuvunjwa. Mkinipa dodoso lenye maneno "walisema" na "walituahidi" mara nyingi, naliogopa kuliko lenye "mshahara mdogo".

Na nikiri kwamba kwa vikundi vya hapa kwetu sheria yetu ya saa za kazi inanipa shida kichwani. Vijana watano, chumba kimoja Makulu, hakuna mapato hadi gemu itoke, mwanzilishi mwenyewe hajilipi. Umeme ukikatika mchana wanafanya usiku, Luku wanachangishana. Nikiwafungulia kifungu cha saa 50 wananitazama kama mgeni. Sheria haijaweka msamaha kwa marafiki, na wawili kati ya hao watano wana mkataba wa ajira kamili, kwa hiyo jibu la kisheria ninalo. Jibu la haki linaniyumbisha. Ninachowaambia ni waandike mapema nani ni mbia na nani ni mwajiriwa, kwa sababu wakati wa njaa wote ni ndugu na pesa ikiingia mwajiriwa ndiye anayegundua kuwa hakuwa ndugu.

Jambo jingine ambalo vitabu vya utafiti vinalipitia juu juu ni usiri. "Waahidi washiriki kuwa majibu ni siri." Sawa, kwenye kiwanda cha watu mia nne. Kwenye timu ya watu wanane, ukiuliza jinsia, umri na idara umeshaandika jina lake kwa herufi kubwa. Mimi navifuta vyote vitatu. Kinabaki kishawishi cha kuandika upya maoni ili bosi asitambue lugha ya mtu, maana kuna anayeandika "mnatuona mazuzu" na ofisi nzima inajua nani husema hivyo. Nikimwandikia upya, hasira yake inageuka kuwa "mawasiliano yaboreshwe", bosi anasoma anapiga miayo. Nikimwacha alivyo, nimemchongea. Ninachagua kumlinda, na kila ripoti ninayowasilisha ni baridi kuliko chumba nilichotoka.

Wale mnaopima gemu za nje mkiwa mitaa ya Kisasa au Nkuhungu kwenye laptopu zenu, kwa "mkataba wa huduma": jina la mkataba halimalizi mjadala. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inakuchukulia kuwa mwajiriwa, hadi ithibitike vinginevyo, ikiwa mojawapo ya mambo kadhaa lipo: unaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zako zinapangwa na unayemfanyia kazi, umemfanyia wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi, anakupa vifaa, au unamfanyia yeye tu. Wengi wenu mna matatu au manne kwa mpigo. Kwa mwajiri aliye hapa nchini hiyo ni silaha nzuri. Kwa aliye ng'ambo asiye na hata dawati Tanzania, unaweza kushinda hoja na usipate wa kumdai, kwa hiyo usikubali kulipwa mwisho wa mradi. Dai kila wiki mbili.

Na ukiachishwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka fomu namba moja ndani ya siku 30 kwa madai ya kuachishwa isivyo halali, siku 60 kwa madai mengine. Zile 30 zinahesabiwa tangu ulipoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha. Zile wiki unazobembelezana na bosi kwenye simu, "subiri kidogo, tutakurudisha gemu ijayo", nazo zimo ndani ya hesabu.