Please si chumvi

Jumatatu jioni baada ya darasa nilishuka na mwanafunzi wangu mmoja hadi hoteli iliyo chini ya jengo letu, huku karibu na Barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Kijana ni muuguzi, anajiandaa kwenda kufanya kazi Uingereza, kwa hiyo tulipatana: tukivuka mlango, Kiingereza tu. Weita alipofika, kijana akakaza sauti: "Give me tea, please." Halafu akanigeukia na tabasamu la mtu aliyefunga penalti. Nikatikisa kichwa.

"Lakini mwalimu, si nimeweka please?"

Nadhani nitazikwa nikiisikia hiyo sentensi. Kila muhula ipo. Watu wanaamini adabu yote ya Kiingereza imekaa kwenye neno moja: sema unavyotaka, kisha nyunyizia please juu kama chumvi kwenye chipsi. "Give me" ni amri, na ukiifuatisha please umeivalisha tai tu. Tena please yenyewe si lazima ije na maneno mengi. "Two teas, please" inapita popote, kwa sababu hakuna kitenzi kinachomtuma mtu.

Kinachonichoma zaidi ni mkia wa imani hiyo, kwamba sisi tunaosema Kiswahili ni wakavu kwa sababu hatutaji tafadhali kila dakika. Hebu! Tafadhali yetu tunaibeba ndani ya kitenzi. Sema "lipa", hiyo ni amri. Mtie mtu ndani yake, inakuwa "nilipe", na ile a imegeuka e, e ileile ya "aje" na "tuombe". Kwa hiyo hata "nipe chai" imeshapunguzwa makali kabla hujafanya lolote. Ongeza kauli ya kutendea, upate "niletee", "niwekee", "nipatie". Tanguliza "naomba". Mwite "mathe" au "ndugu yangu". Tafadhali ikifika inakuta kazi imekwisha, inabaki kukaa pembeni kama mgeni aliyechelewa harusi.

Sasa chukua Kiingereza. Hakina e hiyo, hakina kauli ya kutendea, na weita wa Manchester humwiti shangazi. Kitaweka wapi adabu? Kimeiweka kwenye wakati. "Can" inarudi nyuma kuwa "could", "will" inakuwa "would". Ombi linasogezwa mbali kidogo na sasa hivi, ili anayeombwa apate upenyo wa kukataa.

Darasa likifika hapo huguna kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Nami huwauliza: ukimpigia fundi simu unaanzaje? "Nilikuwa nataka kuuliza..." Nilikuwa? Ya lini? Si unataka sasa hivi, na simu iko sikioni! Umeipeleka nyuma makusudi, kwa adabu, wala hakuna aliyekufundisha. Na "ningependa" je? Hiyo nge ndiyo "would" yenyewe. Mtu amesema ningependa tangu utotoni, akifika kwenye Kiingereza anatoa "I want". Ni kama anayevua viatu kwake halafu anaingia navyo sebuleni kwa jirani.

Basi shika tatu: "Could I have", "I'd like" na "I'll have". Ya tatu huwatia watu hofu, wanaona ni majivuno kumtangazia weita mambo yajayo. Lakini si kila siku mnasema "mimi nitachukua chapati mbili"? Ni hiyohiyo.

Vipimo nivipitie mbio. Mkate Kiingereza hakiuhesabu, kwa hiyo usiseme "one bread", sema "a loaf". Chipsi za Uingereza zinafanana na zetu, lakini Marekani ukiagiza "chips" utaletewa krispi, omba "fries". Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473. Nyama ya Marekani hupimwa kwa pauni, na pauni moja ni kama gramu 454, kwa hiyo ukizoea kilo ya buchari agiza mbili na kidogo.

Liko moja ambalo sina msimamo nalo. Dukani tunasema "nisaidie na sukari kilo moja", na Kiingereza cha Nairobi kimelibeba zimazima: "Assist me with one kilo of sugar." Kwa miaka nililikata kwa kalamu nyekundu. Siku hizi mkono unasita. Katiba ya 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi hii sambamba na Kiswahili, na wanaosema hivyo hapa wanaelewana bila shida kaunta hadi kaunta. Mimi ni nani? Ila muuguzi wangu akilisema Leeds, mhudumu atadhani anataka kubebewa mfuko. Kwa hiyo silikati tena, naandika "Nairobi" pembeni. Mwalimu mwenzangu wa darasa lile lingine anasema huo ni woga. Huenda.

Turudi hotelini. Kijana alijaribu upya, akasema "Could I have some tea, please?" vizuri kabisa, nikafurahi. Weita naye akaingia kwenye mchezo wetu: "You don't want mandazi?"

"Yes," kijana akajibu.

Kwetu "hutaki mandazi?" inajibiwa "ndiyo", maana yake umesema kweli, sitaki. Kwa Mwingereza asiyetaka, jibu ni "no". Weita ni wa hapahapa, alimwelewa vizuri sana, akaenda zake kuleta chai tupu. Yule wa Manchester angeleta mandazi, na kwenye bili yangekuwepo.