Ponografia ni nini, na inamfanya nini kijana anayekua

Ponografia ni picha, video, sauti au maandishi yanayoonyesha ngono waziwazi, yakiwa yametengenezwa makusudi kumpandisha hamu mtazamaji. Mitaani huitwa video za X, au pilau. Mchoro wa via vya uzazi kwenye kitabu cha baiolojia haumo humo, na mzazi anayechana ukurasa ule anamnyima mwanawe kinga.

Siku hizi mtoto hana haja ya kuitafuta. Pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, hivyo mitumbwi hulala ufukweni na vijana hukaa tu. Simu moja yenye bando inatosha kundi zima. Mtoto wa miaka 13 aliyekuja kumsaidia dada yake kuanua dagaa anachungulia kwa nyuma. Hakuna aliyemwita, na hakuna anayemfukuza.

Umri huo una uzito wake. Balehe inapoanza, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hamu na raha huchangamka mapema, ilhali ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kumwambia mtu angoje kwanza, huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Kila kinachosisimua huamsha dopamini, kemikali inayoufanya ubongo ukitafute tena. Mtu mzima naye anayo, ila yeye amekwisha kuishi na watu, ana cha kulinganisha na anachokiona. Wa miaka 13 hana. Kwake ile video ndiyo darasa la kwanza, na mara nyingi ndilo pekee.

Sasa tazama darasa lenyewe. Ni nadra mtu kumuuliza mwenzake kama anataka. Kondomu huonekana kwa nadra. Nguvu na matusi huonyeshwa kama utamu, mwanamke hachoki wala hakatai, hakuna anayeshika mimba. Miili imechaguliwa, na tendo la nusu saa limeungwa kutoka vipande vya kutwa nzima. Mvulana anatoka hapo akijiona ana kasoro. Msichana anaanza kudhani kwamba kuumizwa ndiyo mapenzi yenyewe. Mimi naona hapo ndipo penye madhara makubwa, kuliko hizo hadithi za kupofuka macho au kukosa uzazi, ambazo ni uongo mtupu.

Tafiti nyingi zimekuta kwamba vijana wanaotazama sana huwa pia na mitazamo ya namna hiyo. Lakini mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa lingine: mpweke, au aliyewahi kudhalilishwa, huenda akakimbilia video hizo kwa sababu tayari ana jeraha. Si kila aliyeona ameharibika. Mtoto mdogo kabisa anaweza kuogopa, akakosa usingizi, au akaigiza alichokiona kwa wenzake bila kujua maana yake.

Na uraibu je? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kushindwa kujizuia katika mambo ya ngono. Dalili yake ni mtu kushindwa kujizuia kwa miezi 6 au zaidi, hadi masomo, kazi au mahusiano yanaharibika. Orodha hiyo imeuweka kwenye matatizo ya kushindwa kujizuia, mbali na uraibu wa pombe au kamari. Tena kujisikia mwenye dhambi peke yake si ugonjwa.

Kuna jambo vijana wengi hawalijui. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inakataza kusambaza ponografia, na inayomhusisha mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa zito zaidi. Picha ya utupu ya msichana wa kidato cha tatu, ikirushwa kwenye grupu la WhatsApp "kwa utani", inaingia humo.

Wazazi wengi hukimbilia kupokonya simu. Haisaidii sana, maana simu ya rafiki ipo. Afadhali mjomba au shangazi amuulize mtoto kwa utulivu, "Umeona nini, na umeelewaje?" Akishamjibu, asimkemee, amweleze ridhaa, mimba na kondomu kwa majina yake. Kama mtoto amelazimishwa kutazama au kupigwa picha, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.