Mzigo wa kwanza kutoka nje: mambo ya kumaliza kabla hujamlipa muuzaji

Malalamiko yanayofika mezani kwetu sisi wa forodha siku hizi yana sura moja. Kijana ameona mtandaoni mashine ya kukaushia mikono, ile ya kufungwa ukutani chooni. Amepiga hesabu ya hoteli, kumbi na migahawa ya Sinza, Mikocheni na Masaki jijini Dar es Salaam, akatuma hela China. Sasa mzigo uko bandari kavu na yeye yuko kaunta anauliza kwa nini "forodha wamemkadiria". Wazo la biashara ni zuri, wala hatulibezi. Ila maswali anayouliza leo yalikuwa na majibu mepesi kabla hela haijatoka benki.

Nachukulia kwamba TIN (namba ya mlipakodi) unayo, jina la biashara limesajiliwa BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, na leseni umeshakata, kwa hiyo hayo nayaruka.

Tuanze na namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa, maana ndiyo inayoamua ushuru. Viwango vikuu vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na bidhaa mbili zinazofanana machoni zinaweza kukaa kwenye viwango tofauti. Mashine ya kukaushia mikono ina kifungu chake, 8516.33. Ya kukaushia nywele ni 8516.31. Kile kisambaza sabuni ulichoongezewa na muuzaji kwa bei ya ofa hakimo kwenye vifungu hivyo viwili. Sasa mtu anatuletea ankara iliyoandikwa "vifaa vya choo, boksi 60" halafu anashangaa boksi zikifunguliwa. Mwambie muuzaji aandike kila bidhaa kwa jina lake, modeli, idadi na bei ya moja moja. Ukibaki na shaka, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 248A, inakuruhusu kuomba uamuzi wa awali kwa maandishi. Ambatisha picha, maelezo ya kiufundi na matumizi ya bidhaa. Dirisha hili lipo, na wanaolitumia ni makampuni makubwa ambayo hata hayana haja nalo sana.

La pili ni thamani, na hapa ndipo sauti hupanda. Ushuru hautozwi kwenye bei ya kiwandani peke yake. Unatozwa kwenye bei pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandarini. Tuseme jumla hiyo ni shilingi 10,000,000 na bidhaa iko kwenye asilimia 25. Kiwango hicho nakitumia kwa mfano tu. Ushuru ni 2,500,000. VAT ya asilimia 18 haihesabiwi kwenye ile milioni 10, inahesabiwa kwenye 12,500,000, nayo inakuwa 2,250,000. Jumla 4,750,000, kabla ya tozo nyingine za forodha na gharama za bandari. Wengi hujumlisha 25 na 18, wakapata asilimia 43, yaani 4,300,000, wakapanga bei ya kuuzia kwa hesabu hiyo. Ile 450,000 iliyopotea ndiyo wanayotuambia tumewabambikia.

Na tafadhali, lile la "mimi sijasajiliwa VAT kwa hiyo silipi" tuliache. Kiwango cha mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka kinahusu usajili. VAT ya bidhaa iliyoingizwa nchini hulipwa forodha hata na asiyesajiliwa. Tofauti ni kwamba aliyesajiliwa anaweza kudai kilicholipwa kwenye ritani yake, wewe huwezi.

Kontena la kuchangia lina faida yake kwa mtaji mdogo. Ila hakikisha jina lako na TIN yako vipo kwenye nyaraka. Mzigo ukitolewa kwa kadhia, yaani tamko la forodha, ya mtu mwingine, kwa karatasi mzigo ni wake. Siku unauza mashine 40 kwa hoteli, mhasibu wao atadai risiti ya EFD (mashine ya kodi ya kielektroniki), na siku ya ukaguzi wa hesabu zako hutakuwa na hati ya kuonyesha gharama ya manunuzi.

Kuhusu TBS, shirika la viwango, nitakuwa mfupi: vifaa vya umeme vinatakiwa kukidhi viwango, na ukaguzi wa ubora kabla ya kupakia ni nafuu kuliko kushikwa hapa. Angalia kibandiko cha mashine kinasema volti 230 na hertz 50. Agiza moja kwanza kwa ndege, uifunge mahali, uone. Hiyo moja nayo iwe na ankara yake.

Adhabu. Kadhia huandaliwa na wakala wa forodha mwenye leseni, lakini usidhani kosa likitokea ni lake peke yake. Ankara ya pili yenye bei ya chini, ile ambayo muuzaji hukutengenezea kama hisani, inaingia kifungu cha 203 cha sheria ileile ya forodha: kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Kadhia iingizwe ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Mzigo ukihamishiwa ghala la forodha na siku 30 zikapita, taratibu za mnada zinaanza kwa tangazo. Tunza nyaraka zote miaka 5, kwa sababu tunaweza kuja dukani kukagua hata baada ya mzigo kutoka.

Usiporidhika na uamuzi wetu, kifungu cha 229 cha sheria hiyo kinakupa siku 30 kuomba mapitio kwa maandishi, ukieleza sababu, nasi tuna siku 30 za kukujibu. Usiporidhika tena, una siku 45 kwenda Bodi ya Rufaa za Kodi. Kupiga kelele kaunta hakusimamishi siku hizo. Na unapokuja kutetea bei yako, njoo na uthibitisho wa malipo wa benki wenye jina la muuzaji lilelile lililo kwenye ankara. Picha za mazungumzo ya WhatsApp tunaletewa kila siku, na kila siku tunazirudisha.